Ukuta wa Mvivu na Mkaidi

Kwa kujificha hakuna wa kunifikia, hata mke wangu ameshanyoosha mikono. Ila kuna dada mmoja, fundi wa mawimbi, ana ukuta wake pale ghalani kwetu. Umejaa vibao vinavyorudisha mawimbi ya simu yako, na kwa mawimbi hayo kompyuta inajua ulipo. Vibao vingi ni vibovu, na kila kibovu amekipa jina. Kila asubuhi anavigonga kwa ukucha, ko, ko: "Mvivu, umeamkaje? Na wewe Mkaidi?" Habadilishi hata kimoja, anaifundisha kompyuta kila kibao kinavyodanganya. "Mwongo ukishamzoea, kaka, hakupotezi," huniambia, akisukuma miwani kwa kifundo cha kidole.

Leo bosi kasema ukuta usiponipata mimi, unang'olewa. Nikajichimbia na simu yangu nyuma ya maboksi ya majokofu. "Eti kompyuta inasema yuko chooni!" nikamsikia bosi akicheka. Fundi akaanza kuvigonga vibao. Ko, ko, ko, halafu ukucha ukasita.

"Mkaidi yuko wapi?" akauliza.

"Kile kibovu? Jana nilikitupa, nikakuwekea kipya, kizima kabisa," bosi akasema.

"Mzee! Kompyuta bado inasahihisha uongo wa Mkaidi. Hiki kipya kinasema kweli, nayo inakiharibia!"

Nikachungulia. Kamtoa Mkaidi kwenye pipa la taka, kampangusa kwa upindo wa gauni kama mtoto aliyeanguka, kamrudisha mahali pake.

"Yuko nyuma ya majokofu," akatangaza, "na amechuchumaa."

"Uongo!" nikaropoka. "Nimekaa!"

Bosi akacheka mpaka akauegemea ukuta.

"Taratibu, mzee," fundi akamwambia, "unamkandamiza Mvivu."