Bia ya Wakwe kutoka Adelaide

Miongoni mwa watu wa Machame, Kilimanjaro, waliotawanyika magharibi ya London, Naftali Nkya alijulikana kwa mgongo wake, uliopinda kidogo kwa miaka ya kupakia mizigo kwenye ndege pale Heathrow, na kwa bia yake. Hakunywa nyingine. Ijumaa akitoka shifti alipitia baa moja ya Hounslow, na mhudumu akimwona mlangoni tu alianza kumjazia painti ya Foster's bila kumuuliza.

Haikuwa ulevi, maana painti mbili zilimtosha. Alipofika Uingereza, kijana mwenye koti la kuazima, wapakiaji wenzake walimkokota hadi baa siku ya mshahara wake wa kwanza. "Kunywa," mmoja alimwambia. "Hii bia ya Australia, nchi ya jua kali kama kwenu." Ilikuwa baridi, nyepesi, haikumkwaruza koo. Na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege, watu walicheka naye badala ya kumcheka. Tangu siku hiyo akaichukua kuwa yake. Alipokwenda Machame kwa Krismasi alijaza makopo kwenye sanduku, akawagawia wazee wa ukoo mmoja mmoja. "Hii ndiyo wanayokunywa Waaustralia wenyewe," aliwaambia, nao wakayapokea kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliliweka kopo lake tupu juu ya kabati, pembeni ya picha ya harusi. Kijijini wakampa jina: Mwaustralia.

Yeye na mkewe Haika hawakujaliwa mtoto. Walimlea Keren, binti wa mdogo wake Naftali aliyefariki, tangu akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Keren alikulia Hounslow. Kiswahili alikisikia chote, ila jibu lake lilitoka kwa Kiingereza. Alimwita Naftali baba, na Naftali hakupenda mtu amkumbushe kwamba ni baba mkubwa.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Keren alikaa mezani akizungusha kikombe cha chai.

"Baba, kuna mtu anataka kuja kuwaona."

"Mtu gani?"

"Anaitwa Ryan. Ni mwalimu. Kwao ni Adelaide, Australia."

Haika aliyekuwa akimenya viazi aliacha kumenya, akamtazama mumewe. Naftali alijitahidi kukunja uso kama ipasavyo kwa baba anayeletewa habari kama hiyo, akashindwa. Kati ya mataifa yote duniani!

"Aje," alisema. "Lakini aje kwa utaratibu. Aje na mzazi wake, na waje na pombe. Posa bila pombe ni mazungumzo tu."

"Mbege tutaitoa wapi hapa?" Haika aliuliza. Alishajaribu kuipika mara moja, kwa ndizi za dukani na ulezi alioupata Southall. Ilichachuka ikafurika sakafuni, jirani akaja kubisha hodi kuuliza kama bomba la choo limepasuka.

"Nani kasema mbege? Walete pombe ya kwao. Ya kwao naijua."

Wiki zilizofuata Naftali aliitangaza habari hiyo kila kona. Aliwaambia wenzake kazini, akampigia simu binamu yake aliye mji wa Reading. "Wakwe zangu ni Waaustralia," alisema, "wananiletea Foster's kutoka chimbuko lake." Haika alimtania kwamba anamwoza binti kwa ajili ya kreti. Yeye alicheka tu, akanunua glasi mpya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mawingu. Haika alipika mtori wa ndizi na nyama tangu asubuhi. Binamu wa Reading alikuja na suti ili awe mzee wa pili upande wa mke. Ryan aliingia akitokwa jasho la hofu, na nyuma yake baba yake, mzee mrefu mwenye shingo iliyobabuliwa na jua, aliyefanya kazi ya kutengeneza pampu za visima maisha yake yote. Mkewe alikuwa amefariki, kwa hiyo alisafiri peke yake. Aliinama kidogo mlangoni, akampa Naftali mkono, na kwa mkono wa pili akamkabidhi boksi.

"Ryan ameniambia desturi yenu," alisema. "Nimeibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Kila chupa nimeifunga kwenye soksi."

Naftali alifungua boksi mbele ya wote. Akatoa soksi ya sufu, na ndani ya soksi chupa ya kahawia yenye jina ambalo hakuwahi kulisikia. Akaiinua dirishani. Chini kabisa kulikuwa na mashapo, meupe kama unga uliotulia kwenye maji. Akatoa ya pili, ikawa hivyo hivyo.

Uso wake haukuonyesha kitu, lakini Haika alimjua. Aliona vidole vyake vikikaza shingo ya chupa. Imeharibika, Naftali alikuwa akiwaza. Wameniletea bia ya bei ya chini, tena iliyokwisha kuharibika. Watu wanatoka hadi huko na bia yao maarufu dunia nzima, halafu kwangu wanaleta hii.

Lakini mgeni ni mgeni. Akaamua kuwasitiri. Akaenda kwenye friji, akarudi na makopo ya bluu ya Foster's, akayapanga mezani mbele ya mzee yule na kumjazia glasi mpya mwenyewe, polepole, ili povu lisizidi.

"Mzee mwenzangu, umetoka mbali," alisema. "Hapa usijione mgeni. Nyumba hii inakunywa bia ya kwenu."

Baba Ryan alitazama glasi. Ryan alitazama glasi. Kisha Ryan akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyebanwa na wasiwasi tangu asubuhi, kikamponyoka kabla hajakishika.

"Samahani," alisema haraka. "Samahani sana, mzee. Ni kwamba... kwetu hakuna anayeinywa hii."

"Hakuna?"

"Kuna watu wachache, labda. Kuipata dukani ni kazi. Hiyo mnayokunywa huku inapikwa Uingereza hapa hapa."

"Ryan!" Keren alimkanya. Lakini neno lilikwisha toka. Binamu wa Reading alikohoa. Naftali alisimama na kopo mkononi, akaliangalia kama mtu anayeangalia sura ya ndugu aliyemdanganya. Kisha akaliweka chini, akasema, "Nisameheni kidogo," akatoka nje kupitia jikoni.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kidogo cha saruji chenye kamba ya kuanikia nguo. Ndege ilipita chini kwa kishindo ikielekea kutua. Naftali aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakuwa na hasira na kijana. Aliona aibu. Aliwaona wazee wa Machame wakipokea makopo kwa mikono miwili, akaliona lile kopo juu ya kabati. Akajisikia kama mtu aliyepita mtaani siku nzima na shati alilolivaa kinyume, na hakuna aliyemwambia.

Mlango ukafunguka. Hakuwa Haika, bali Baba Ryan, na chupa mbili. Alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akaketi kwenye kizingiti.

"Kijana wangu hana breki mdomoni," alisema. "Kaipata kwa mama yake."

"Kasema kweli?"

"Kweli, ila si yote." Mzee alijikuna shingo. "Ilianzia kwetu, Melbourne. Nilipokuwa kijana tuliinywa bila kuionea aibu. Kisha ikaondoka kwenda kutafuta maisha nje, ikapata jina kubwa huku. Kwetu watu wakaiacha. Sasa wakiisikia wanacheka, wanasema ni bia ya wageni."

Naftali aliinua macho kuifuata ndege nyingine iliyopita.

"Na mimi nikirudi kwetu," alisema hatimaye, "watoto wa dada yangu wanasema nanunua vitu kama mtalii. Wanacheka namna ninavyosema asante kwa kila mtu."

"Basi wamekuzoea."

"Hawajanizoea. Wananicheka." Lakini yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu kidogo. Akanyoosha kidole kwenye chupa. "Hiyo imeharibika?"

"Hii?" Baba Ryan alishangaa kwa dhati. Akailaza chupa kwenye saruji, akaiviringisha kwa kiganja mbele na nyuma, kama mama anayesukuma chapati. Mashapo yakanyanyuka, bia yote ikawa na ukungu. "Ni hamira. Iko hai. Kwetu Adelaide ndivyo tunavyoinywa."

Naftali aliinama karibu. Rangi ile ya ukungu aliifahamu, na hakuipata London. Aliipata utotoni, kwenye kata ya mbege aliyotumwa kuwapelekea watu wazima.

"Kwetu," alisema, "aliyeleta pombe huonja kwanza, watu waone haina sumu."

"Utaratibu mzuri huo," alisema Baba Ryan. Akafungua, akapiga funda kubwa, akafuta mdomo, akampa.

Waliporudi ndani, Haika alikuwa amewagawia wote mtori ili mikono iwe na kazi. Ryan alisimama.

"Mzee, nimekukosea."

"Kaa, mwanangu. Hujanikosea. Umenipunguzia ujinga, ingawa ungeweza kuchagua siku nyingine." Binamu wa Reading akacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na chumba kikapumua.

Bia ya Adelaide ikamiminwa. Haika aliionja, akafumba macho. "Hii pombe inanukia ulezi," alisema, akaongezewa. Naftali alimaliza glasi yake kwa heshima, tone la mwisho, kwa sababu ilikuwa ya posa.

"Umeionaje, Baba Keren?" mkewe aliuliza.

"Chungu," alijibu. "Ina ladha ya mkate mbichi. Lakini nimeipokea, na waliokuja nayo nimewapokea." Kisha akavuta kopo lake la bluu, akalifungua mbele ya Waaustralia wote wawili. "Na hii nayo sitaiacha. Ilinipokea siku ambayo nyinyi hamkuwepo."

Baba Ryan akamsogezea glasi yake. "Nipe kidogo," alisema. "Sijaigusa tangu ujanani." Akanywa, akafikiri. "Mbona si mbaya kama tunavyosema."

"Unanipoza."

"Nakupoza kidogo."

Wakakaa kujadili tarehe. Baba Ryan alitaka majira ya joto ya kwao, Naftali akataka kanisa la Hounslow, na Keren akasema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, "Mimi... nataka Mei. Hapa." Wazee wote wawili wakageuka kumtazama, na Haika akaenda jikoni kujifuta machozi kwa aproni.

Harusi ikawa Mei. Naftali alivaa suti ya kijivu na kumtembeza Keren hadi madhabahuni, mgongo ameunyoosha kadiri ulivyokubali. Baba Ryan alikaa nyumbani kwa Naftali mwezi mzima, na kila asubuhi wawili hao walitembea pamoja hadi bustanini, wakibishana juu ya pampu za visima, kitu ambacho Naftali hakukijua hata kidogo, lakini alikuwa na maoni.