Pahala pa Kupiga Fezanti

Hakuna aliyeniambia kwamba Uingereza nzima ina mwenyewe. Bunduki ya marisau nilikuwa nayo, kibali cha polisi nilikuwa nacho, na shabaha nilifunzwa na marehemu baba kwa kupiga kwale kule Unguja. Kilichonishinda ni pahala pa kupigia.

Aliyetaka ndege ni mama. Alikuja kuishi nami Edmonton, kaskazini mwa London, miaka michache baada ya Mapinduzi, nyumba yetu imeshachukuliwa na kupewa watu wengine. Tangu afike hakugusa nyama. Kuku wa dukani alimwona mzoga tu. "Nani kamchinja? Ulikuwepo?" Samaki wa barafu walimkinaisha, ikabaki chai na mkate, akakonda mpaka bangili zikawa zinamvuka zenyewe. Siku moja akasema, "Niletee ndege uliyempiga kwa mkono wako, kwa bismillahi, nitakula. Huwezi, nirudishe kwetu." Khaa! Nimrudishe wapi? Hasira zilinipanda, lakini kwa mama unazimeza.

Rafiki yangu, Mhindi mzaliwa wa Mwanza mwenye duka la vitambaa Kenton, alikuwa na gari, na kanga wa bara kawawinda tangu utotoni. Jumamosi tukatoka kutafuta ardhi ya umma. Yeye alidhani ni kama kwao: unatoka mjini, unaingia porini, basi. Pori lipi! Msitu wa karibu na Walthamstow ni wa umma kweli, ila ukifyatua bunduki mle unalala ndani. Huko mashambani kuna vijia vya umma. Una haki ya kupita, si ya kupiga. Na fezanti wenyewe, ndege wakubwa kama jogoo, mkia mrefu, shingo ya kijani, walikuwa wakitupita karibu na miguu bila hata kukimbia. Kwenye geti moja, mlinzi wa ndege wa shamba kubwa alitwambia watu kama sisi hatuna ardhi hapa.

"Na nyie mlipokuja kwetu mlikuwa na ardhi gani?" nilimuuliza. Rafiki yangu akanivuta koti.

Garini akaanza, "Ndugu yangu, tununue kuku, tumnyonyoe, tumwambie mama ndiye fezanti."

"Nimlishe mama yangu uongo? Thubutu!" Tukarudi Edmonton mikono mitupu.

Mama alitusikiliza hadi mwisho, akasonya. "Mmesimama mlangoni pa watu na bunduki mkononi kama majambazi, hata hodi hamkupiga. Nani angewafungulia?" Jumamosi iliyofuata akavaa buibui juu ya koti, akabeba sahani ya visheti alivyokaanga mwenyewe, akakaa mbele garini. Bunduki akaamuru ibaki nyuma, chini ya blanketi.

Nyumba aliichagua yeye: kishamba kidogo kilichopakana na lile shamba la yule mlinzi. "Hodi!" akaita mama, akabisha tena: "Hodi wenyewe!" Akatoka bibi wa Kizungu, mabuti yamejaa tope, akatukodolea macho. Mama akamkabidhi visheti kwanza, ndipo akasema, nami nikafasiri: "Sikuja kuomba ardhi. Ardhi najua inavyouma ikichukuliwa. Nataka ndege mmoja, nile."

Bibi akatafuna kisheti, akachukua cha pili. Akasema fezanti wa jirani humfukulia mbegu kila mwaka, na akienda kulalamika mlinzi humcheka. "Wakiingia kwangu ni wangu," alisema. "Pigeni."

Nikaitoa bunduki garini, na fezanti alipoingia shambani mwa bibi nikasema bismillahi, nikafyatua. Dume likaanguka katikati ya shamba la bibi, nikalikimbilia nikalichinja likipapatika bado. Mlinzi akaja mbio hadi kwenye ua, uso umemwiva, anapiga kelele kwamba ndege ni wake. Mama hakungoja nimfasirie. Alimwokota fezanti kwa miguu, akamwinua juu mlinzi amwone vizuri, kisha akamtia kapuni.

"Mwambie alie," akasema. Nilimwambia, tena kwa sauti. Yule bibi alicheka mpaka akashika kiuno.

Jioni mama akampika kwa tangawizi na nazi, akatuweka mezani. Hatukula, tulimtazama yeye. Akang'oa paja, akatafuna polepole, akameza, akang'ata tena. Nikalia waziwazi, wala sikuona haya.

"Vipi, mama?" rafiki yangu akauliza.

"Gumu kama kandambili," alisema, mkono haujaachia paja. "Lakini habari ya kurudi isisemwe tena humu ndani. Nimeshatolewa kwangu mara moja. Hapa sitoki."