Mashati Yasiyo na Mikono

Kiangazi ambacho jirani yetu alikatika mkono kiwandani, nilikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa kunyonya, na katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, nilikuwa bado mgeni. Nilizaliwa Lweba, kwa Wabembe wa kulima na kuvua, nikaolewa na kijana wa familia ya Kiislamu ya Baraka. Mume wangu alikuwa akivua na baba yake. Mzee alipofariki na mtumbwi ukaoza, akaandikwa kazi katika kiwanda cha pamba. Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na kila shamba, kutoka ziwani mpaka milima ya Fizi, lilikuwa na pamba, mwenye shamba apende asipende.

Kiwanda kilikuwa banda kubwa la mabati karibu na maji. Ndani mlikuwa na moteri moja iliyovuta mukanda wa ngozi mrefu kuliko nyumba yetu, na mukanda huo ndio uliozungusha misumeno ya duara ya kutenganisha pamba na mbegu. Hayo niliyajua kwa kuambiwa, maana wanawake hatukupita lango. Sisi tulijua mngurumo tu. Ulianza alfajiri ukatuingia mpaka kwenye meno. Nilipika nao, nikatwanga nao, nikamnyonyesha mtoto nao. Upepo wa ziwa ulipovuma kwa nguvu ukaufunika, niliweka mchi chini na kutoka nje kusikiliza.

Siku hiyo nilikuwa natwanga mihogo na mke wa jirani. Yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza pale mtaani. Mngurumo ukakatika ghafla, na jua lilikuwa halijafika hata utosini.

Rafiki yangu akaniangalia, akauliza sababu. "Juu ya nini inasimama sasa hivi?"

Tuliacha unga kwenye kinu, nikamfunga mtoto mgongoni, tukakimbia. Njiani wanawake wengine walikuwa wanatoka nyumba hii na ile, mmoja na mwiko mkononi, mwingine na povu la sabuni mpaka viwikoni. Langoni tulimkuta mlinzi amesimama na mikono imepanuliwa kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Ni nani? Utuambie ni nani!" wanawake walilia.

"Mi sijue, bamama. Muntu mumoja mukanda ulimushika."

"Muntu mumoja nani?"

"Mi sijue!"

Alijua. Alikuwa anamkwepa rafiki yangu kwa macho, na mimi nikaliona hilo kabla yeye hajaliona. Nasema ukweli: moyo wangu ulishuka, nikapumua, maana hakuwa mume wangu. Halafu nikamshika rafiki yangu mkono, kwa sababu wanaume wanne walikuwa wanatoka na machela ya magunia, na juu yake alilala mume wake, uso mweupe wa vumbi la pamba, na upande wa kulia wote mwekundu.

Baadaye tulisikia ilivyokuwa. Alinyoosha mkono kuondoa fundo la pamba lililokwama, na mkono wa shati lake, ambao ulikuwa mpana, ukaguswa na mukanda. Mukanda ule haukuwa na boma wala kizuizi, uliruka wazi kati ya watu. Ulivuta shati, na shati likavuta mtu. Hospitalini Fizi walimkata mkono juu ya kiwiko.

Siku mbili tatu zilipita, kisha kapita, yule msimamizi wa wafanyakazi, akaja kwetu jioni. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akaulizia afya ya mtoto. Ndipo akasema, "Kesho utasimama kwa mashini ya jirani yako. Muzungu njo amesema."

"Ile ile?" mume wangu aliuliza.

"Njo ile. Kwani iko ingine?"

Mume wangu aliinamisha kichwa, kisha akasema sawa. Mkataba aliokuwa ametia kidole gumba haukumpa mtu nafasi ya kusema hapana. Wapo walioacha kazi katikati ya msimu wakaishia gerezani. Kapita mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alipotoka alisimama mlangoni kana kwamba ana neno jingine, kisha akaenda zake.

Kesho yake, mume wangu alipokuwa kazini, nilitoa mashati yake kwenye sanduku. Alikuwa na matatu, na moja alikuwa amelivaa. Nilichukua kisu cha kukatia samaki, nikayakata mikono yale mawili, begani kabisa. Alipovua lile la tatu jioni nikalikata nalo. Kanzu yake ya Ijumaa sikuigusa.

"Mama, unafanya nini?" aliniuliza. Tangu tupate mtoto aliniita hivyo, nami nilimwita Baba.

"Baba, ule mukanda hautapata kitu ya kushika."

Alicheka, lakini kicheko hakikumfika machoni. Aliyavaa hivyo hivyo. Wenzake walimtania kwamba amekuwa mtoto wa kuoga ziwani. Baada ya juma moja niliona wanaume wengine wawili wanapita na mashati yasiyo na mikono.

Aliyenikasirikia ni mama mkwe. Alikuwa anakaa nyumba ya pili, mwanamke mrefu, mkali, asiyependa makelele. Alikuta mashati yameanikwa, akaniita uani.

"We mutoto, nani alikata hizi?"

"Ni mi, mama."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mukanda, mama. Ulimushika jirani kwa mukono ya shati."

Alilitoa shati moja kambani, akaingiza mkono wake mahali palipokuwa na mkono wa shati, akautoa. "Na we unakata mukono ya mutoto yangu kabla mashini haijaikata? Unaionesha njia?"

Sikuwa nimewaza hivyo. Tangu siku hiyo nilitaka kuyashona mashati tena, nikaogopa. Nikataka kuyaacha, nikaogopa. Mama mkwe hakula tena chakula changu. Alimchukua mjukuu wake, akambeba, akamrudisha, bila neno. Nami sikuwa na wa kumwambia, maana rafiki yangu alikuwa Fizi akimuuguza mumewe.

Usiku mume wangu alilala mara moja kama jiwe. Mimi nilimhesabu vidole gizani, kwa kuvigusa. Siku nyingine nilikuta ngozi imechubuka, siku nyingine alama ya moto. Nikimuuliza, alisema mashini haina mambo. Alianza kukohoa. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa nyuzi za pamba, nikawa namwosha uso kwanza kabla ya kumpa bugali, kwa sababu akiwa mweupe vile nilimwona jirani kwenye machela.

Kisha, pamba ilipokuwa inakaribia kwisha mashambani, alirudi siku moja anatembea upesi. "Bamenitoa kwa misumeno," alisema. "Mwenye kufunga marobota iko na homa. Kesho niko kwa kufunga."

"Kule iko mukanda?"

"Haiko. Ni kushindilia pamba na kuifunga na vyuma. Iko mbali na mukanda."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikacheka mpaka mtoto akaanza kulia. Nilichinja kuku wetu wa pekee. Nilimpelekea mama mkwe sahani nzuri na kumwambia habari, naye akanawa mikono, akala. Alipomaliza alisema, "Alhamdulillahi. Sasa shona zile mashati." Nikaleta vipande nilivyokuwa nimevificha chini ya godoro, tukavishona pamoja uani, yeye huku, mimi kule. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa naye bila kuogopa.

Kumbe kushindilia pamba nako kuna mambo yake. Mashini inakandamiza pamba mpaka robota zima linakuwa gumu kama gogo, na watu wanalizungushia vyuma vyembamba bapa, wanavifunga likiwa bado limebanwa. Mashini ikiachia, pamba inataka kufura, na vyuma ndivyo vinavyoizuia. Chuma kikiwa na kutu mahali, kinakatika, na kikikatika kinaruka kama nyoka. Hakuna aliyeniambia hayo. Nadhani mume wangu mwenyewe hakuyajua mpaka yalipomfika.

Safari hii mngurumo haukusimama. Mashini ziliendelea, ndiyo maana sikukimbia. Nilikuwa nachagua mawe kwenye mchele, na mlinzi wa lango akatokea uani kwetu, amevua kofia. Kumwona mbali na lango lake kulinitosha kujua.

"Iko hai," alisema haraka. "Mama, iko hai. Ni kwa uso."

Langoni kulikuwa na kamio, lori la kiwanda, iliyobeba marobota, moteri yake inawaka, inangoja kupanda Fizi. Mume wangu alikuwa amelazwa juu ya pamba, kichwa kimefungwa shati. Nilipanda kwa gurudumu, mtoto mgongoni. Dereva, kijana tu, akapiga kelele kutoka chini.

"Bamama hapana! Ni kamio ya pamba, bamama bashuke!"

Nilitazama nikaona kwamba mama mkwe naye alikuwa ameshapanda upande wa pili. Sijui alipandaje, na kanga zake zote na umri wake. Alikaa juu ya robota, akanyoosha miguu, akamtazama yule kijana.

"Basi kuja unishushe weye mwenyewe, mutoto yangu. Kuja unishike."

Kijana aliangalia chini. Hakuna mtoto wa mtu pale Baraka angemshika mwanamke mzee mbele ya watu. Akaingia ndani, akaendesha.

Njia ya Fizi ilikuwa na mashimo, na marobota yalicheza chini yetu. Kila tulipopigwa, mume wangu aliuma meno. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mama yake, mikono yake nimeishika mimi. Mimi nilikuwa nangoja neno la mama mkwe la kunilaumu. Nilijua litakuja. Nilikuwa nimekata mashati, kisha nikayashona, na damu sasa ilikuwa imetulowesha wote watatu. Tulivuka daraja la mto Mutambala, neno halikuja. Tulianza kupanda, ziwa likabaki chini nyuma yetu, kubwa, limetulia. Nilitamani anitukane tu nipumzike.

"Mama," mume wangu alisema. Hatukujua anamwita nani kati yetu. "Jicho iko?"

Nilikuwa nimeona chini ya lile shati. Mama mkwe naye alikuwa ameona.

"Iko," alisema. "Nyamaza. Funga ile ingine upumuzike."

Kule Fizi munganga wa hospitali alimwingiza ndani, sisi tukabaki ukumbini. Baridi ya mlimani ilitupata na nguo mbichi za damu. Mtoto alilala. Mama mkwe alikuwa anavuta tasbihi bila kutoa sauti. Mwishowe nilishindwa, nikasema mwenyewe, "Mama, ni mi. Ni zile mashati."

Aligeuka, akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Mashati gani? Mashati iliingia kwa macho?" Akavuta kanga yake moja, akanifunika mimi na mtoto. "Mi nilikugombeza juu ya woga. Nilizaa sita, nilizika tano. Wakati niliona zile nguo bila mukono, nilishindwa kugombeza mashini, nikagombeza weye."

Sikujua kwamba alizaa sita. Mume wangu hakuwahi kunieleza. Nilimwegemea, naye akaniacha nimwegemee.

Munganga alilitoa jicho la kushoto. La kulia lilipona. Tulikaa Fizi mpaka kidonda kikauka, na tuliporudi mume wangu akaambiwa amalize mkataba wake langoni, kuzifungulia kamio. Hofu yangu haikuisha, ilihama tu. Sasa niliogopa magari yanayokuja upande wake wa giza. Nilikwenda na rafiki yangu, aliyekuwa amerudi na mumewe, tukamwomba mlinzi wa zamani awe anasimama kushoto kwake siku zote. Alikubali, na alifanya hivyo mpaka msimu ukaisha.

Msimu ulipokwisha tulipanda mashua kwenda Kazimia, kwa mjomba wangu, mama mkwe pamoja nasi akitapika njia nzima na kuapa kwamba hatapanda tena. Kule mume wangu alijifunza kukausha na kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Miezi ya kwanza ilikuwa ya shida: jicho moja halikumwonyesha umbali. Alimimina chai nje ya kikombe, akanyoosha mkono kuchukua samaki akashika hewa. Watu walicheka, naye akaingia ndani, akakaa. Mama mkwe alimfundisha kugusa kwanza: mdomo wa birika uguse kikombe, ndipo umimine. Walifanya hivyo asubuhi nyingi, mwanamke mzee na mwanawe mtu mzima, wakimwaga maji ya bure kwenye vikombe uani, na mimi nikiwa ndani nikijifanya nafagia.

Tulizaa watoto wengine wanne pale. Alipowachukua wachanga kwa mara ya kwanza alifanya vile vile: aliweka kidole kwanza kwenye shavu, akahakikisha mtoto yuko wapi, ndipo akambeba.