Stadi Mbili Zilizokatika Asubuhi

Mume wangu Toktosun amechunga kondoo wa watu huku milimani Naryn miaka thelathini. Ni mpole hadi anaudhi, lakini akinuna, amenuna. Kaka yake Asanali alichinja farasi jike wa marehemu baba yao kwa ajili ya hitima bila kumwuliza. Basi miaka saba hawakusemezana.

Alfajiri moja akapiga simu Begimai, binti wa Asanali, kutoka ng'ambo ya mlima.

"Mama mdogo, baba hafiki kesho. Anamwulizia baba mdogo. Anataka radhi yake tu."

Toktosun hakumaliza hata chai, akatoka kuliandaa gari letu. Theluji ilikuwa njiani, na barabara ya mlimani ingefungwa adhuhuri.

Sasa mtaa wetu una mazoea yake. Mtu akitaka kuvuka mlima, kila anayemtakia heri huchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu na kumkazia nati za magurudumu ya gari. Usipokaza, humpendi. Jirani yetu Satibaldi, mwili kama dume la ng'ombe, akalipanda bomba kwa miguu miwili. Stadi ya gurudumu la nyuma, kile chuma kinachoshika nati, ikakatika. Badala ya kuona haya, akahamia ya pili ili afidie. Nayo ikaenda. Gurudumu la stadi nne likabaki na mbili.

"Umetupenda mno, shemeji," nikamwambia. "Sasa nenda kampende mkeo."

Aliondoka kichwa chini.

"Nitahamisha moja kutoka gurudumu lile jingine la nyuma," Toktosun akasema. "Tatu huku, tatu kule. Tutafika polepole."

Akaweka mawe mbele ya magurudumu, akapiga jeki, akavua gurudumu hilo zima, akaanza kuigonga dramu ya breki, lile bakuli la chuma nyuma ya gurudumu, itoke ili aifikie stadi. Haikutoka. Aligonga karibu saa nzima, na mimi nikalitazama wingu linavyoshuka mlimani nikasema moyoni, tumekwisha. Nilipoingia garini kuchukua shali ndipo nilipoona breki ya mkono imevutwa mpaka juu.

"Baba Kalicha," nikamwita mume wangu kwa jina la mtoto wetu, "unapigana na breki uliyoifunga mwenyewe."

Nikaishusha, dramu ikatoka.

Saa nne Begimai akapiga tena. "Anapumua kwa taabu, mama mdogo. Nimemwekea simu sikioni."

Nikachuchumaa kando ya mume wangu, nikafunika simu kwa kiganja. "Umemridhia au hukumridhia?"

"Nilimridhia tangu mwaka wa kwanza."

"Basi mwambie yeye, mimi wa nini?"

"Radhi haitolewi kwa simu kama unaagiza unga. Nitamshika mkono, nimwambie usoni."

Akaendelea kuigonga stadi. Wallahi nilitaka kumpokonya nyundo ile nimpige nayo. Lakini radhi ya mtu haisemwi na mkewe, ningefanya nini? Simu nikaiweka juu ya tairi pale karibu yake. Sikuikata.

Stadi ya kuazima ikatoka nzima. Akalivua gurudumu bovu na dramu yake, akagonga kipande cha stadi iliyokatika kikatoka, akaiingiza ile nzima kwenye tundu lake, akapanga washa, zile pete za chuma, juu yake, akakaza nati taratibu mpaka kichwa cha stadi kikakaa. Akarudisha dramu na magurudumu yote mawili, akakaza kwa mkono wake peke yake, bila bomba la mtu. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka, nyepesi bado.

"Tayari," akasema, na uso wake ulikunjuka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Akaokota simu. "Begimai, mwambie baba yako tunatoka sasa hivi."

Upande wa pili tukamsikia akivuta makamasi.

"Baba mdogo, baba alikuwa anaisikiliza nyundo. Akasema, 'Huyo anatengeneza gari. Anakuja.' Akatabasamu kidogo, akafumba macho. Sikujua niwaambieje."

Toktosun alikaa chini kwenye theluji, spana ingali mkononi.

"Mwambie nimemridhia," akasema.

"Nimwambie nani, baba mdogo?"