Sita ya Kibaigwa

Nilipokuwa mdogo, siku moja soko la nafaka la Kibaigwa lilitugharimu safari ya bure, na magunia sita ya mahindi yakarudi nyumbani. Baba alikuwa hasikii vizuri, mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Mashine ya kupukuchua ilinguruma, vumbi la pumba likanikaba koo, dalali akasema neno.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

"Sita, baba. Anachukua sita."

Baba akamkatalia mnunuzi mwingine. Kumbe dalali alisema, "Sitaki."

Jioni mama alinimiminia sikioni mafuta ya alizeti ya uvuguvugu, nami nikaamini uchafu ndio ulioimeza ile "ki".

Juzi daktari alinipima. Masikio mazima, alisema, ila kwenye kelele ubongo hujaza wenyewe sauti iliyopotea, na hujaza unachotarajia. Nimechoka kutarajia. Jana mteja wa mahindi yangu kanipigia akiwa katikati ya malori, akasema "nitalipa", au labda "sitalipa". Nishaurini, nimpakilie mzigo?