Bega la Nne

Babu alipofariki, wanaume wa Kihindu waliobaki mtaani kwetu hawakutosha hata kucheza karata. Wengine walishapanda meli tangu mapinduzi, wametuachia funguo zao na paka wao.

Kwetu maiti huchomwa moto, na mwanamke haendi. Anaagia mlangoni, analia, kisha anabaki kuosha sakafu. Tulikumbushwa hayo na binamu wa babu, bwana mwenye kitambi aliyejipa cheo cha kuijua dini, na ambaye babu alipougua hakuleta hata embe bovu.

"Nnakwenda," bibi alisema. "Nimeishi naye tangu sijaota meno ya mwisho. Leo nimuage kizingitini kama muuza maziwa?"

"Shemeji, mwanamke moyo wake mwepesi. Utazimia."

"Wewe ulizimia kwa sindano," nilisema. Mama akanifinya. Hata hivyo sikujuta.

Machela ya mianzi ilitaka mabega manne. Walikuwepo watatu tu: kuhani; baba yangu, ambaye mbele ya binamu huwa kama picha ukutani; na binamu mwenyewe. Jirani yetu Mwislamu alikuwa anapita. Kwao jeneza likipita kila mtu hutia bega, basi naye akaja moja kwa moja.

"Sogeeni, nikusaidieni."

Binamu akamzuia kwa kiganja. "Ahsante. Lakini huyu anabebwa na watu wake tu."

Jirani akarudi nyuma kwa adabu. Kona ya nne ikabaki chini. Bwana mjuzi akaitazama, akatazama barabara, akapangusa jasho.

Bibi akachomeka pindo la sari kiunoni. "Mimi si mtu wake?"

"Ni mtu wake, lakini..."

"Basi inua."

Bibi ni mfupi, kwa hiyo babu alikwenda upande upande hadi kwenye kuni. Nami, mjukuu wake wa kike, nikafuata. Wa kunizuia wote walikuwa na mzigo begani.

Baba alipowasha, moshi ulimfukuza binamu hadi ukutani, anakohoa kama mbuzi. Bibi hakusogea. Alimwaga motoni samli aliyoisimamia foleni, akasema, "Nenda. Safari hii sikuharakishi," akasimama mpaka miguu ya babu haikuonekana tena.

Jioni binamu aliwaeleza wageni kwamba yeye ndiye aliyempa bibi ruhusa. Nilimmiminia chai. Sukari nilimnyima.