Lindsay Ampima Kiungo wa Kaka Yake

Mume wangu Lindsay Pascoe hakai. Ukimpa kiti anakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Ni fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe hapa mjini Colac, na wafugaji wanampenda kwa sababu ukimpigia alfajiri tayari ana viatu miguuni. Mimi niliyeolewa naye sijawahi kumaliza kikombe cha chai tukiwa tumekaa wote wawili.

Mwezi wa nane mwaka huu alizidi. Ligi yetu ya fantasi ilikuwa imebakiza wiki moja, na Lindsay alikuwa anashika mkia. Tuko watu kumi, wote wa klabu moja ya zamani ya mpira hapa mtaani. Kila mmoja ana kikosi chake cha wachezaji wa kweli wa ligi kuu ya mpira wa huku, ule unaopigwa teke, ngumi na kudakwa na kila mchezaji, na ukishamchukua mtu, mwingine hampati mpaka mbadilishane. Wakicheza wikiendi, kila teke, kila pasi ya ngumi na kila mpira waliodaka unakuletea pointi. Anayemaliza wa mwisho anatoka, nafasi yake anapewa mtu aliye kwenye foleni. Sheria hiyo tuliipitisha wenyewe, bia mkononi, kila mtu akidhani haitamhusu.

Usicheke. Kwa Lindsay haukuwa mchezo. Kaka yake Nev yumo kwenye ligi hiyohiyo, na tangu Nev alipouza ng'ombe wa baba yao wakati Lindsay yuko hospitali anafanyiwa upasuaji wa goti, hawa wawili hawajazungumza jambo lolote isipokuwa mpira. Krismasi hawaji kwetu, hatuendi kwao. Lakini kila Alhamisi vikosi vikitangazwa, Nev anamwandikia kwenye kundi letu la simu, "Timu yako imejaa vikongwe, mdogo wangu." Na Lindsay anamjibu, "Vikongwe hawa ndio watakaokutandika, kaka." Basi. Undugu wote uliobaki ni huo. Akitolewa kwenye ligi umekwisha, na hilo alilijua vizuri kuliko mimi.

Jumatatu ya wiki hiyo ya mwisho Nev akaleta pendekezo la kubadilishana. Alitaka kumpa Lindsay kiungo wake, Brodie Tranter, yeye achukue Hamish Coad. Coad ni beki aliyekula chumvi nyingi, magoti yake yanamwuma hata mtazamaji. Tranter ni kijana anayekimbia mpaka unachoka wewe uliye kwenye kochi.

"Ana nini huyu?" Lindsay akaniuliza, simu mkononi, akizunguka meza ya jikoni.

"Nani, Nev?"

"Tranter. Lazima ana kitu. Nev ni mkono wa birika, Raelene. Hajawahi kumpa mtu hata mche wa kitunguu. Leo anipe Tranter?"

"Labda kakuonea huruma."

"Nev?" Akacheka kwa pua. "Ananiuzia mbuzi kwenye gunia."

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na amani. Alirudia mechi zote za Tranter, tena amesimama nyuma ya kochi. Kumpima kiungo si kuangalia pointi za wiki iliyopita, aliniambia, kama vile nilikuwa nimemuuliza. Unaangalia mwamuzi anapoudunda mpira katikati kuanzisha mchezo, je, yumo kwenye lile kundi dogo linaloupigania, au wamemsukuma pembeni akaukimbilie upepo? Unaangalia mvua ikinyesha anakaba watu au anajificha. Unaangalia wapinzani wana mtu wa kumganda, maana kiungo akigandwa na mtu asiyejali mpira, pointi zinakauka. Na paja. Mechi iliyopita Tranter alitoka uwanjani na bandeji kwenye paja.

"Ndiyo hilo," akasema. "Paja limekwisha. Nev amepenyezewa habari."

Jumatano akaacha mashine ya watu haijafungwa akaenda Geelong kutazama mazoezi ya timu ya Tranter. Nikaenda naye, kwa sababu sikumwamini barabarani na kichwa kile. Kando ya uzio kulikuwa na wanaume wengine kadhaa wamekuja na mbwa, utadhani mji mzima hauna pengine pa kutembezea mbwa. Wote wanacheza fantasi. Wote wanajifanya wanapita tu.

Mmoja mwenye kofia ya sufu akamsogelea Lindsay. "Tranter hachezi wikiendi hii. Paja baya sana hilo. Mtupe."

"Asante, ndugu," Lindsay akasema. Tulipojitenga akaninong'oneza, "Huyu naye anamtaka."

Upepo ulikuwa unakata masikio. Nikala pai yangu ya nyama, nikala na yake, kwa maana aliisahau juu ya nguzo. Yeye macho yake hayakumtoka yule kijana. Tranter alikuwa kwenye kundi la katikati, siyo la majeruhi. Aligeuka kwa mguu uleule wenye bandeji, akakimbia, akasimama ghafla, akageuka tena.

"Mzima," Lindsay akasema. Hakufurahi hata kidogo. "Mzima kabisa, Raelene. Sasa kwa nini?"

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapigapiga usukani kwa vidole. Mimi nilikuwa nimechoka na baridi imeniingia mifupani, nikamuuliza kwa ukali, "Na yeye Nev atafanya nini na Coad?"

"Nev yuko juu kidogo, ana pa kuangukia. Kati yetu yupo Dot." Dot ndiye mwenye duka la mikate, anachagua wachezaji kwa kupenda nywele zao. "Nikipanda mimi, anashuka Dot. Nev hana shida."

"Umepima?"

"Raelene, nimepima kila kitu."

Alhamisi akakubali. Nev akaandika kwenye kundi, "Mtunze mtoto wangu." Lindsay akalisoma neno hilo mara nyingi akitafuta mtego ndani yake. Akakosa, akazidi kuhangaika.

Jumapili Tranter alicheza kama amefunguliwa kamba. Kila mpira ulipodundwa katikati ulitokea mikononi mwake. Lindsay alipiga kelele mpaka jirani akaja kuchungulia. Akanikumbatia, akanikanyaga, akasema amebaki, amebaki kwenye ligi. Nami nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa nimemwonea huruma mwezi mzima.

Halafu mechi ya mwisho ikaanza, na Coad akaumia goti kabla robo ya kwanza haijaisha. Akamletea Nev pointi karibu na sifuri. Wale wenye nywele wa Dot wote wakachanua siku hiyohiyo, Mungu anajua kwa nini. Kengele ya mwisho ilipolia nikafungua msimamo kwenye simu, nikampa Lindsay asome mwenyewe kwa sababu sikutaka kuwa mimi wa kumwambia.

Dot juu ya Nev. Nev wa mwisho.

Kwenye kundi watu walikuwa wanataniana. Nev akaandika, "Nawatakia mema wote." Chini yake simu ikasema Nev ametoka kwenye kundi.

"Alijua Coad amekwisha," Lindsay akasema. "Kila mtu anajua Coad amekwisha. Alinipa Tranter ili nibaki." Akaiweka simu mezani. "Nimempima yule kijana mpaka paja lake. Sikupima atakuwa nini Nev akibaki bila yeye."

Nilikuwa na hasira na wote wawili, ndugu wa tumbo moja wanaopendana kwa kupitia paja la mtoto wa watu. Nikamwambia ampigie.

"Nimwambie nini? Hakuna tena mpira wa kuongea."

Akachukua ufunguo wa gari akatoka bila koti. Jioni ilikuwa inaingia. Nikaosha vyombo, nikavikausha, nikavipanga, nikavipangua. Nev anakaa Beeac, si mbali. Simu ilipoita ilikuwa namba yake, namba ambayo haijawahi kunipigia tangu ng'ombe wauzwe.

"Raelene," Nev akasema. "Lindsay yuko getini kwangu. Yuko ndani ya gari, taa kazizima, hashuki."

"Najua."

"Anataka nini?"

"Sijui, Nev. Hata yeye hajui."

Nilimsikia anavuta pazia.

"Nje kuna baridi," akasema.

"Ametoka bila koti," nikamwambia.

Nikasikia kiti kikisukumwa, hatua, kitasa cha mlango, halafu mlio wa geti. Nev alikuwa amesahau kukata simu, kwa hiyo nikaikata mimi.